Jina Likae Ndani ya Wimbo

Mwana Kupona binti Mshamu alipoufikisha mwisho utenzi wake, mwaka 1275 wa Hijra, yaani takriban 1858, hakumwachia mnakili kazi ya kumtambulisha. Alilitia jina lake ndani ya beti zenyewe, akataja Pate alikozaliwa, akaweka na tarehe. Tangu hapo kila aliyeunakili utenzi ule alimnakili na mtunzi wake.

Nimeukumbuka uungwana huo nikishughulika na kaseti zangu za enanga, nilizorekodi vijijini Karagwe na Kyerwa nilipokuwa nikifundisha. Mwaka huu nilizigeuza kuwa faili na kuzihifadhi kwenye seva ndogo ya nyumbani ili jamaa wote wasikilize. Kiooni yakatokea maneno mawili tu: “Msanii Hajulikani”. Mjukuu wangu akaniuliza, “Babu, huyu Msanii Hajulikani ni mtu wa wapi, mbona ameimba nyimbo nyingi hivi?”

Niliona haya. Usiku ule nikaandika lebo za kila faili: jina la wimbo, la mwimbaji, mahali na mwaka. Asubuhi nikafungua seva. Msanii Hajulikani yungali pale pale.

Sababu niliipata baada ya siku kadhaa. Seva haifungui faili kila inapoonyesha jina. Huzisoma lebo mara ya kwanza, ikazinakili katika hifadhidata yake, na baadaye hutazama tu kama tarehe ya faili imebadilika. Programu niliyoandikia lebo ilikuwa imepangwa kuihifadhi tarehe ya zamani. Kwa hiyo seva haikuona jambo jipya. Niliuondoa mpangilio huo, nikazihifadhi lebo upya, kisha nikaiamuru seva ichunguze maktaba yote na kubadili taarifa za awali. Majina yakatokea.

Rafiki mmoja alinicheka: kwa nini usumbuke, ilhali unaweza kusahihisha jina kwenye kioo cha seva na likaonekana papo hapo? Hapo ndipo tunapotofautiana. Jina lililosahihishwa kwenye seva peke yake mara nyingi hubaki katika hifadhidata ya seva hiyo. Siku mashine ikifa, au wimbo ukipelekwa Mwanza kwa kadi ya simu, wimbo utasafiri na mwimbaji atabaki nyuma. Lebo iliyomo ndani ya faili husafiri nayo, kama jina la Mwana Kupona lilivyosafiri na utenzi.

Tena, wapenzi wa lugha, tuangalie tunachoandika. Programu ilizipanga nyimbo zangu chini ya “Muziki wa Dunia”, kana kwamba muziki mwingine hutoka mbinguni. Nimefuta, nikaandika “Enanga”. Penye lugha nimeandika Kinyambo pale kilipoimbwa Kinyambo, na Kihaya pale kilipoimbwa Kihaya. Penye mahali nimeandika “Karagwe, sasa Kyerwa”, kwa kuwa wakati wa kurekodi Kyerwa haikuwa bado wilaya. Ilianzishwa mwaka 2012. Haya ni mambo madogo, lakini mtafiti wa kesho atayahitaji. Profesa M. M. Mulokozi, aliyeandika tasnifu juu ya tendi za enanga za Wahaya mwaka 1986, ndiye pia mhariri wa *Tenzi Tatu za Kale* (1999), ambamo Mwana Kupona anasomwa hadi leo. Tendi za enanga na tenzi za pwani zinastahili uangalifu ule ule.

Imebaki kaseti moja iliyonishinda. Sauti ni ya mzee, enanga yake imelegea kidogo, na nyuma yake mtoto anakohoa. Nakumbuka mgomba tulioketi chini yake; jina la mzee silikumbuki, na sikuliandika juu ya kaseti kwa kudhani nisingelisahau. Nimeandika: “Mpiga enanga wa Kyerwa, jina linatafutwa.” Sikukubali kuandika “hajulikani”, maana huko kwao alijulikana na kila mtu. Aliyesahau ni mimi.

Wiki ijayo nitaupeleka wimbo huo kijijini, niwasikilizishe wazee waliosalia. Nawe mwenye kaseti kabatini, keti na mzazi wako angali anakumbuka, uandike.