Usiangalie Ubao wa Matokeo

Leo naandika kuhusu mpira, lakini si huu wa miguu tunaobishania kila Jumamosi. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira uliochongoka, na hasa ya vyuo vikuu. Nivumilieni, nina sababu.

Jumatatu usiku dada mmoja wa kundi la sifa aliniandikia. Nilikuwa nimempumzisha kuongoza nyimbo, nafasi nikampa binti mdogo kwake. "Pasta, mimi basi. Natafuta kanisa lingine." Ameniruhusu niyaandike haya bila jina lake. Sikumtumia mahubiri. Nilimtumia habari za Jalen Hurts.

Hurts alikuwa kwotabeki wa Alabama, yaani yule anayeongoza mashambulizi, anayeamua kurusha mpira, kuupeana au kukimbia nao. Katika mechi zote alizoanza alikuwa ameshindwa 2 tu. Tarehe 8 Januari 2018, pale Atlanta, walicheza na Georgia fainali ya taifa. Kufika mapumziko walikuwa nyuma 13 kwa 0. Kocha Nick Saban akamketisha, nchi nzima ikitazama, akamwingiza Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alabama ikashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Hebu jiweke mahali pa Hurts. Timu yako imechukua kombe, nawe unajua kazi yako imekwenda.

Msimu uliofuata Tua ndiye aliyeanza. Hurts hakuhama. Tarehe 1 Desemba 2018, uwanja uleule, Georgia walewale, fainali ya ligi yao. Tua akaumia, Alabama ikiwa nyuma 28 kwa 21. Hurts akaingia, akarusha mpira uliosawazisha, kisha akakimbia mwenyewe na kufunga. Ikaisha 35 kwa 28.

Najua kuna mtu atakimbilia kuandika hapo chini kwamba Hurts alikuja kushinda Super Bowl na Philadelphia Februari 2025. Ni kweli, lakini mwaka 2018 yeye hakuwa anajua hilo. Mimi nataka uangalie ile miezi ya katikati. Sheria za michezo ya vyuo Marekani zinaruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na mechi yenyewe ina dakika 60. Saa hizo nyingine hakuna kamera wala umati. Unarusha mpira, unatazama video za wapinzani, unajifunza mipango ambayo huenda mwingine ndiye atakayeitekeleza. Hamasa haiwezi kukubeba huko. Unahitaji mazoea.

Huyu Saban mwenyewe alijifunza hilo kwa shida. Mwaka 1998 alikuwa kocha wa Michigan State, timu ya kawaida tu, akijiandaa kwenda Columbus kucheza na Ohio State waliokuwa namba 1 nchini. Profesa wa tiba ya akili pale chuoni, Lionel Rosen, alimsaidia kuona kitu rahisi: kila shambulizi huchukua kama sekunde 7. Basi vijana waambiwe wafanye kazi ya sekunde hizo 7, wapumzike, waanze nyingine, na wasiangalie ubao wa matokeo. Walikuwa nyuma 24 kwa 9. Wakashinda 28 kwa 24.

Sisi wahubiri tungekomea hapo na kuita watu mbele. Lakini Michigan State ilimaliza msimu ule na ushindi 6 na vichapo 6. Saban hakupata ubingwa wa taifa hadi msimu wa 2003, akiwa LSU. Miaka mitano ya sekunde saba saba! Alipostaafu Januari 2024 alikuwa na mataji 7.

Simfanyi malaika. Ukali wake pembeni mwa uwanja unajulikana. Na wakati ule alilipwa mamilioni ya dola huku vijana hawa wakizuiwa kupata hata senti kutokana na majina yao. Sheria ilibadilika 2021. Kwa hiyo sisemi kila anayewekwa benchi ametendewa haki, wala kwamba kuhama ni dhambi. Hurts naye alihama, akaenda Oklahoma, lakini alikuwa amemaliza msimu na kuchukua digrii yake.

Ninachopinga ni hii tabia yetu ya kuishi kwa kuchochewa, na mimi nimechangia. Nimepaza sauti Jumapili, watu wakaruka, wakalia, wakaahidi. Jumanne maombi ya saa kumi na moja alfajiri tuko watu saba, na wawili kati yao ni mimi na mama watoto. Kisha tunashangaa mbona mtu akikosa maikrofoni mwezi mmoja anaona kila kitu kimekufa. Tulimfundisha kuangalia ubao.

Dada yangu, mazoezi ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na sauti ya pili bado haina mtu. Mimi nitafika saa kumi na moja na nusu. Nilikuondoa kwa ujumbe wa simu, na yale ningepaswa kukuambia ana kwa ana bado sijakuambia.