MASHINE NA HAKI YA MNYONGE

Wako wenzetu wasemao ya kwamba mashine ya usalama haina upande: hupima tu, wala haimpendelei mtu. Sisi twalikataa neno hili, na sababu zetu ni hizi.

Katika Kenya, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutumika 1919, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa kipande cha kuvaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Aliyeacha kazi bila ruhusa alitafutwa kwa alama zizo hizo. Mzungu hakupewa kipande. Mwaka 1947 ilipotungwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, Wazungu wengi walilalamika kwamba kuchukuliwa alama ni kuaibishwa. Wino ulikuwa ule ule. Sheria ndiyo iliyochagua nani atiliwe shaka.

Natuje kwetu. Tangu Mei 2019 laini ya simu huandikishwa kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na baada ya 20 Januari 2020 zisizoandikishwa zilianza kufungwa. Hatupingi kusudi lake, maana matapeli wapo. Lakini jembe na panga hula ngozi ya vidole, na uzee vilevile. Mkata miwa wa upande wa Mikumi, au mzee aliyemaliza nguvu zake katika mkonge wa Kimamba, Kilosa, aweza kuweka kidole mara kumi asitambuliwe. Karani, ambaye vidole vyake hushika kalamu tu, hupita mara moja. Je, huko si kupendelea? Tena laini ikifungwa, fedha iliyomo simuni humwia mwenyewe vigumu kuipata.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kukataa kwa mashine kusihesabiwe kuwa hukumu. Pili, ushahidi wa mwenyekiti wa kijiji na majirani upokewe pale kidole kisiposomeka. Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ifundishwe vijijini, ili mtu ajue ni nani ashikaye alama zake na kwa kazi gani.

Nasi tukaao nyuma ya meza tuache kumwambia mzee, “Mashine imekataa.” Mashine haikatai mtu. Akataaye ni yule aliyeamua kwamba neno lake liwe la mwisho.