Baisikeli Ipi Yafaa?

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii ni kweli kwa mtu mvivu, ambaye kila siku hulaumu mpini ili asiende shambani. Walakini si haki kumwambia hivyo mtu anayetaka kununua baisikeli. Jembe lenye mpini mbaya hutiwa mpini mwingine, na kazi ikaendelea. Bali baisikeli isiyofaa humla mwenyewe fedha zake kidogo kidogo, na huenda ikamvunja mguu. Mara nyingi fedha hizo ndizo mavuno ya mwaka mzima. Kwa hiyo kuchagua baisikeli si maringo. Ni kazi ya akili, nayo yapasa ifanywe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Tangu mwanzo baisikeli imebadilika kufuata haja za watu. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedeli. Mpandaji alijisukuma kwa kupiga miguu chini. Katika miaka ya 1860 watu wa Ufaransa walitia pedeli katika gurudumu la mbele. Kisha zikaja baisikeli zenye gurudumu la mbele kubwa mno, hata mpandaji alikaa juu kama mtu aliyepanda ngamia, na akianguka alitangulia kichwa. Ndipo mwaka 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry katika Uingereza, alipotoa baisikeli yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, alipata hati ya mpira wa kujazwa upepo. Tangu hapo umbo halikubadilika sana, lakini aina zimekuwa nyingi, na kila aina ina njia yake.

Aina ya kwanza ni ile baisikeli nyeusi, nzito, ijulikanayo sana vijijini. Magurudumu yake ni ya inchi 28, breki zake huvutwa kwa vyuma virefu, na uzito wake wapata kilo 20. Haina gia za kubadilisha. Baisikeli hii haina haraka, lakini ni mvumilivu kama punda. Katika miaka ya 1960 baisikeli za namna hii zilichukua abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda huko Busia, na hapo ndipo lilipotoka jina la bodaboda. Katika nchi tambarare, kama bonde la Kilombero, yafaa sana kwa magunia, madumu ya maji na kuni.

Aina ya pili ni baisikeli ya milimani. Ilianza katika miaka ya 1970 huko California, Marekani, vijana waliposhuka milima kwa baisikeli kuukuu zenye mipira minene. Mipira yake ni mipana, nayo ina gia nyingi. Gia ndogo humsaidia mtu kupanda kilima bila kushuka, na mpira mpana hauzami upesi mchangani. Aina ya tatu ni ya mashindano: ni nyepesi, usukani wake umepinda chini, na mpira wake ni mwembamba, huenda usizidi milimita 25. Juu ya lami huenda kama mshale. Katika njia ya mawe na mashimo huharibika upesi.

Basi kosa la watu wengi ni kuchagua kwa macho tu. Mtu huingia dukani, akaona rangi nyekundu, gia ishirini na moja na springi mbele na nyuma, akalipa. Hajui ya kuwa springi za bei ndogo hunywa nguvu za miguu, kwa maana kila anapokanyaga chombo hubonyea badala ya kwenda mbele. Hajui ya kuwa gia za bei ndogo hulegea upesi kwa vumbi na matope. Baada ya miezi michache baisikeli husimama ukutani, na mwenyewe huenda sokoni kwa miguu, mzigo kichwani.

Walakini si kweli kwamba baisikeli ya zamani ndiyo bora mahali pote. Mtu akaaye katika miteremko ya Kilimanjaro ana haja ya gia za kupandia, tena ana haja kubwa zaidi ya breki za kushukia. Gurudumu la chuma likilowa mvua, breki huteleza, na mzigo wa ndizi nyuma humsukuma mpandaji bondeni. Kwa mtu huyu, baisikeli imara ya gia, yenye magurudumu ya alumini na breki nzuri, ni ulinzi wa uhai wake, hata kama ni ghali.

Jambo la pili ni kimo cha mwili. Mnunuzi asimame, ule mti wa juu wa baisikeli ukiwa katikati ya miguu yake, nyayo zote mbili zikikaa chini. Ikiwa mti wamgusa, baisikeli ni kubwa kwake. Kisha aketi juu ya kiti, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila kujivuta, kiti kimekaa sawa. Watoto wengi hupewa baisikeli za baba zao, nao huziendesha kwa kupitisha mguu ndani ya pembe ya vyuma, mwili umepinda upande mmoja. Watu wazima hucheka na kusifu ushujaa. Yafaa wasicheke, kwa kuwa mtoto wa namna hii hawezi kusimama upesi gari likitokea.

Msichana naye asisahauliwe. Iko baisikeli isiyo na mti wa juu, ambayo mtu aweza kuipanda akiwa amevaa nguo ndefu. Mzazi ambaye binti yake hutembea mwendo wa saa mbili kwenda shule, huku baisikeli ya kaka yake imelala nyumbani, hajagawa mali yake kwa haki.

Tena, kabla ya kununua, mtu amwendee fundi wa kijiji chake na kumwuliza ni mipira na minyororo gani ipatikanayo hapo karibu. Baisikeli nzuri isiyo na vipuri ni sawa na taa isiyo na mafuta. Akinunua iliyokwisha kutumika, ainue gurudumu na kulizungusha aone kama lapepesuka; atazame pale chini ya usukani kama pana ufa; naye adai hati ya mauzo, asije akanunua jasho la mtu aliyeibiwa.

Katika Injili umo mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Mnunuzi wa baisikeli na afanye vivyo hivyo. Ahesabu njia yake, mzigo wake, kimo chake na fundi wake. Rangi na iwe ya mwisho. Akifanya hivyo, hata jirani wakiicheka baisikeli yake kwa weusi na uzito wake, yeye atakuwa amefika sokoni kabla yao.