Rangi za machweo katika nyumba ya kupanga

BARUA niliyo nayo mkononi leo imetoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Amepanga nyumba yenye sebule na chumba kimoja cha kulala. Kuta ni nyeupe, taa ni nyeupe, na mapazia aliyoyakuta ni ya kijivu. Bintiye wa miaka minane hataki kualika marafiki zake. Anasema, "Nyumba yetu ni kama zahanati."

Mama huyo anaeleza kwamba jioni, atokapo kazini, huliona jua likitua na anga ikageuka rangi ya machungwa na wekundu, akatamani aingie nayo nyumbani. Anauliza: anunue rangi gani? Na mwenye nyumba akikataa kuta zisiguswe, afanyeje? Mwishoni anataja, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba fremu ya mlango wa chumba cha kulala ilipakwa rangi ya manjano miaka mingi iliyopita, sasa inabambuka, na kitinda mimba wake hupenda kuibandua kwa kucha.

Dada yangu, hilo la mwisho si dogo hata kidogo. Nitalifikia. Kwanza nikusimulie yaliyonipata.

Nilipoolewa tulipanga nyumba ndogo, nami nilikuwa na hamu kama yako. Nilinunua mikebe miwili ya rangi ya machungwa, ya kung'aa, nikapaka kuta zote nne za sebule. Mchana ilipendeza. Usiku, tulipowasha ile taa ndefu nyeupe, kuta ziligeuka rangi ya dawa ya kikohozi. Mume wangu alisema anahisi ameketi ndani ya jiko la makaa. Tulipohama, mwenye nyumba alitaka kuta zirudi rangi ya maziwa, na kila tulipopaka, machungwa yalichungulia. Pesa zetu za amana ziliishia hapo.

ITAZAME ANGA VIZURI

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba machweo ni wekundu mtupu. Sivyo. Jua linapokaribia kuzama, miale yake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Rangi ya samawati hutawanyika njiani, na nyekundu na machungwa ndizo zinazofika. Lakini wekundu ule mkali hukaa kwenye ukanda mwembamba tu, karibu na mahali jua linapozama. Juu yake mna manjano hafifu, waridi, kijivu na zambarau iliyofifia. Uzuri wa ule wekundu unatokana na uchache wake.

Wapambaji wa nyumba wana hesabu yao: asilimia 60 ya chumba iwe rangi tulivu, asilimia 30 rangi ya wastani, na asilimia 10 ile kali. Kwako, kuta nyeupe zimekwisha kuwa zile 60. Huna haja ya kugombana na mwenye nyumba. Kinachokosekana ni 40 zilizobaki.

ANZA NA TAA

Kabla ya kununua chochote, badilisha balbu. Soma boksi lake: balbu iliyoandikwa 2700K au 3000K hutoa mwanga wa manjano kama wa jioni. Ile ya 6500K hutoa mweupe wenye ubuluu, na huo ndio unaofanya sebule ifanane na zahanati. Balbu moja tu itakuonyesha tofauti usiku huo huo. Mahali binti anapofanyia kazi za shule, mwekee taa yake ndogo yenye mwanga mweupe kiasi, karibu 4000K, aone vizuri.

Chunguza pia madirisha yako yanatazama wapi. Hapa kwetu, sebule inayotazama magharibi hupigwa na jua kali kuanzia saa tisa alasiri. Ukiirundikia nyekundu na machungwa, itaonekana kama inawaka. Huko tumia rangi ya udongo, ya mchanga au waridi hafifu. Rangi zenye joto hufaa zaidi katika chumba kisichofikiwa na jua, mathalani kile kinachotazamana na ukuta wa ploti ya jirani. Vyumba vya namna hiyo ni vingi mno jijini.

VITAMBAA NDIVYO RANGI YA MPANGAJI

Mpangaji hapaki ukuta, huvika chumba. Zile asilimia 30 zitoke kwenye mapazia na vitambaa vya makochi: chagua rangi ya kutu, ya udongo wa mfinyanzi au ya asali. Asilimia 10 ziwe mito miwili mitatu ya machungwa au nyekundu, kikoi kilichotandazwa kwenye mgongo wa kochi, au kiondo cha katani chenye mistari ya rangi kando ya mlango. Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi hufaa sakafuni, na pia hupendeza ukitundikwa.

Leso nayo ni pambo tosha la ukutani. Ishone upindo juu, upitishe ufito, uitundike kwa misumari miwili. Ila soma maandishi yake kabla ya kupenda rangi! Leso ya mafumbo iliyokusudiwa jirani mgomvi haifai kumpokea mama mkwe. Na leso mpya nyekundu ifue peke yake mara ya kwanza, isije ikachuja rangi juu ya foronya nyeupe.

Ikiwa mwenye nyumba atakubali, paka ukuta mmoja tu, na uwe rangi iliyofifia, isiyong'aa. Paka kwanza kipande kikubwa cha kadibodi, ukiegemeze ukutani, ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka. Laiti ningalifanya hivyo, amana yangu ingalisalimika.

SASA ILE FREMU

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Za manjano, machungwa na nyekundu aghalabu ndizo zilizokuwa nayo kwa wingi, kwa kuwa kemikali iitwayo kromati ya risasi ndiyo iliyozipa ung'avu. Kwa hivyo rangi hizi tuzipendazo ndizo za kuchungwa zaidi. Kwa macho huwezi kujua kama fremu yako ina risasi. Mtoto akila magamba yake au vumbi lake, risasi huingia mwilini na kudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Usiikwangue ikiwa kavu, wala usiichome, kwani vumbi na moshi wake ndio hatari. Leo hii pangusa fremu na sakafu kwa kitambaa chenye maji na sabuni, usifagie kavu, kisha funika palipobambuka kwa utepe mpana wa gundi. Mnawishe mtoto mikono kabla ya kila mlo. Mpeleke hospitalini ueleze alichokuwa akifanya, kwani kipimo cha damu huonyesha kama ameathirika. Halafu mwandikie mwenye nyumba, uweke nakala. Fundi akija, aloweshe kabla ya kupiga msasa, na watoto na wajawazito wasiwepo.

Ununuapo rangi mpya, uliza kama haina risasi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa Gigiri, linapendekeza isizidi sehemu 90 katika kila milioni. Muuzaji asiyejua, mwache na mkebe wake.

Basi dada, fremu kwanza, balbu ifuate, kisha vitambaa kadiri mfuko utakavyoruhusu. Ukienda kununua mito, mchukue binti na umwache achague rangi ya mmoja. Mwenye mto wake sebuleni haoni haya kuwaita wenzake.

Hadi Jumapili ijayo, kila la heri.