*BUNDI, NGEDERE NA LUGHA YETU KUNDINI*



Ule mjadala wa bundi na ngedere umerudi kundini, na safari hii umefika pabaya. Nimeletewa hoja ya kumtoa kijana mmoja kwa sababu ya swali lake. Kabla kamati haijakaa, mjue msimamo wangu.

Tukumbushane. Safari za SGR hadi Dodoma, kupitia hapa kwetu Kilosa, zilianza tarehe 25 Julai 2024. Siku chache baadaye treni ikasimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na TRC ikatoa taarifa kwamba chanzo ni bundi na ngedere. Watu wakacheka nchi nzima. Humu kundini wengine wakasema uchawi, wengine hujuma, bila kuambatisha chochote.

Kucheka si kosa, ila kicheko hakijibu hoja. Iliyorudiwa sana ni kwamba ndege wanakaa kwenye nyaya kila siku na hawafi. Kweli, kwa sababu wanagusa waya tu. Waya wa SGR una kilovolti 25. Mnyama akigusa waya na chuma cha nguzo kwa pamoja, umeme unapita mwilini mwake kwenda ardhini, mitambo ya kinga inakata umeme wa kipande hicho, treni inasimama. Wenzetu wa Mikumi, mnaoamka na nyani uani, hamkucheka sana na ninawaelewa.

Kenya yaliwakuta makubwa zaidi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Zikapotea zaidi ya megawati 180 na nchi nzima ikawa gizani. KenGen wakatoa taarifa na picha ya tumbili mwenyewe, ambaye alipona!

Sasa hapa ndipo baadhi ya wenzetu wanaoitetea SGR wanapoteleza. Gitaru inaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Haithibitishi kwamba ndilo lililotokea kwetu. Sisi watu wa hesabu hatufungi vocha kwa risiti ya jirani.

Na kijana hakuikataa taarifa ya TRC. Aliuliza: kama wanyama wanajulikana wapo, kinga kwenye nguzo iliwekwa tangu mwanzo au la? Ni swali la mtu anayepanda treni hiyo. Akajibiwa "msaliti" na "umetumwa na nani?" Naye akawaita wazee wetu "chawa", jambo ambalo silikubali hata kidogo.

Kwa hiyo sitaunga mkono atolewe. Neno "chawa" alifute na awaombe wazee radhi. Waliomwita msaliti nao wafute. Swali lake libaki. Mafuriko ya Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliibomoa reli ya zamani, na kuuliza habari za tuta la mto hakukuwa usaliti.

Naandaa barua ya tawi kwenda TRC, swali la kinga likiwa la kwanza. Aliyewahi kukwama njiani anitumie mimi moja kwa moja, si kundini: tarehe, mahali, saa treni iliposimama na muda aliosubiri. Picha iwe uliyopiga mwenyewe, siyo ya kusambaziwa. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni.

Katibu wa Tawi