NYARUBANJA MPYA IMO NDANI YA SIMU

Wazee wetu wa Bukoba na Muleba hawana haja ya kuelezwa nyarubanja ilikuwa nini. Mtu alikuwa na kibanja alichorithi kwa babaye, migomba yake na mibuni yake. Siku moja huambiwa kuwa ardhi ile Mukama amempa mtu mwingine, na tangu siku hiyo yeye ni mpangaji tu. Alilima yeye, akatoa kodi kwa bwana, na akimwudhi bwana alifukuzwa, mibuni ikabaki. TANU ililipigia kelele jambo hilo, na mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja. Tukadhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha, yamehama. Siku hizi vijana wetu, mjini Bukoba na huko Kamachumu pia, wana dunia nyingine ndani ya simu. Humo mna nyumba, nguo, silaha, viwanja na sarafu zake zenyewe. Katika dunia iitwayo Roblox, ambayo watoto wa mataifa mengi huicheza, sarafu huitwa Robux, nayo hununuliwa kwa fedha halisi. Mtoto akinunua nguo ya kumvika sanamu wake, anadhani nguo ni mali yake. Siyo. Masharti ya kampuni yasema kuwa amepewa ruhusa ya kuitumia tu, na ruhusa hiyo yaweza kuondolewa. Nani amepata kuyasoma masharti hayo? Yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa juu ya kurasa. Mwenye dunia akifunga mlango, fedha ya mzazi imekwenda. Je, hii si nyarubanja? Tofauti ni kwamba bwana wa zamani angalau tulimjua kwa sura, na tulijua nyumbani kwake.

Wako wanaosema, "Nyinyi wazee mnaogopa kila kipya, humo mna kazi na riziki." Twakubali kuwa riziki imo. Kijana mwenye akili aweza kutengeneza mchezo akauza kwa watu wa Ulaya na Marekani pasipo kutoka Muleba. Walakini tazameni mizani anayopimiwa. Kampuni ile hairuhusu mtengenezaji kubadili sarafu zake kuwa dola mpaka awe amechuma 30,000, na akiisha kubadili hupewa chini ya nusu ya bei ambayo mchezaji alinunulia sarafu zile zile. Mizani ya kununulia na mizani ya kuuzia ni mbali mbali! Baba zetu waliijua hila hiyo kwa wachuuzi wa kahawa, na ndiyo maana mwaka 1950 wakaunda chama chao kikuu cha ushirika hapa Bukoba. Hawakuacha kulima kahawa kwa sababu mchuuzi ni mwizi, walimnyang'anya mizani.

Hayo ni ya michezo. Donda lililo kubwa zaidi ni dunia za uongo zinazojiita kazi. Mnakumbuka mwaka 2025, kulikuwa na kitu kiitwacho LBL. Mwananchi alitoa fedha kununua ngazi, kisha kila siku alitazama vipande vya picha katika simu, na hesabu yake ikawa inapanda. Hesabu! Maandishi juu ya kioo! Fedha aliyolipwa wa kwanza ilikuwa ni ya yule aliyeingia nyuma yake, na wa nyuma walipokwisha, mlango ukafungwa. Benki Kuu ikatangaza kuwa kitu kile hakikuwa na leseni, na polisi wakakamata watu katika mikoa kadhaa. Tangazo lilikuja wakati mbuzi wamekwisha uzwa. Na mwaka 2009 tulikuwa tumekwisha kufundishwa somo lilo hilo na DECI, ambayo haikuhitaji hata simu.

Mkulima anayeuza kahawa ingali ua tunamwita mjinga, tunamwambia aache butura. Lakini mwenye butura ameona mbuni na ua, na mchuuzi anamjua. Huyu wa simu ameuza mbuzi kwa ajili ya ua lililochorwa.

Sasa tuseme na Serikali, kwa kuwa ni yetu na haitakasirika. Mwaka 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa fedha halali ya nchi hii ni shilingi, na hizi sarafu za mtandaoni hazitambuliwi. Vema. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya asilimia 3 juu ya malipo ya kuhamisha mali za kidijiti. Basi twauliza: kitu kisichotambuliwa hutozwaje kodi? Mkono wa kupokea umekwisha nyoshwa, mkono wa kulinda uko wapi? Mtoza ushuru wa sokoni akichukua ushuru wake, muuzaji humtazamia azuie wezi sokoni.

Wengine, na hata ndani ya Chama wamo, husema dawa ni kufunga vyote. Hao nao wanakosea. Ukifunga, kijana atapita njia ya panya, na akiibiwa huko hataweza kushitaki kwa kuwa naye alikuwa mkosaji. Mwizi hataki zaidi ya hayo.

Jirani zetu Kenya wametuonyesha kuwa nchi ya Kiafrika yaweza kumwambia mgeni tajiri, simama. Mwaka 2023 watu wa Nairobi walipanga foleni kupigwa picha za mboni za macho na kampuni ya Worldcoin, wakipewa sarafu za mtandaoni zenye thamani ya shilingi elfu kadhaa za Kenya. Serikali ikasimamisha shughuli ile Agosti mwaka huo huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile zifutwe. Sisi nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumdanganya mnunuzi. Huko Ulaya, Machi 2025, wasimamizi wa haki za wanunuzi walitaka bei ya kila kitu mchezoni ionyeshwe kwa fedha halisi, si kwa sarafu za mchezo peke yake. Ubelgiji tangu mwaka 2018 imehesabu masanduku ya bahati yanayouzwa michezoni kuwa ni kamari. Hakuna aliyesema Ubelgiji inaogopa maendeleo.

Basi bei ziandikwe kwa shilingi na masharti kwa Kiswahili. Kampuni ye yote inayopokea fedha ya Mtanzania iwe na mtu wake hapa nchini anayeweza kuitwa barazani, na iweke dhamana, ili akikimbia kibaki cha kuwalipa waliodhulumiwa. Fedha ya mtoto isichukuliwe pasipo idhini ya mzazi. Na makampuni ya simu, ambayo hupata ada katika kila shilingi inayopita, yaulizwe kwa nini njia haikufungwa mpaka fedha ilipokwisha kupita.

Nasi viongozi wa matawi tusijitie upofu. Anapokuja mgeni na suti yake kutuomba tukae kiti cha mbele na kukata utepe wa ofisi yake, tumwombe leseni kwanza, hapo hapo mbele ya watu. Wabunge wa majimbo ya Bukoba na Muleba wanakuja kwetu mara kwa mara kuomba tuwasikilize. Safari hii wao ndio watusikilize, na kila tawi liandike katika kumbukumbu zake mbunge amejibu nini.