Soya "Sugu" ni Soya ya Namna Gani?

Msimu wa kupanda unapokaribia, wakulima huhimizwa wanunue mbegu ya soya iliyo "sugu" kwa magonjwa. Neno hilo hupita bila kuhojiwa, na hapo ndipo mkulima anapoponzwa.

Katika Kiswahili, ugonjwa sugu ni ule usioponyeka upesi. Mhalifu sugu ni yule asiyerekebika. Basi mwenye shamba akiambiwa mbegu ni sugu, huelewa kwamba maradhi hayataigusa kamwe. Watafiti hawakusema hivyo. Wao hutenganisha mambo mawili: mmea unaokinza kuvu isizaane majanini mwake, na mmea unaoambukizwa lakini ukastahimili na kuzaa vyema. Kukinza na kustahimili: maneno yote mawili tunayo, ila tumeyafunika kwa moja.

Tofauti hiyo si mchezo wa wanaisimu. Mwaka 1996 kutu ya soya, inayoletwa na kuvu iitwayo Phakopsora pachyrhizi, iliripotiwa Uganda na hapa Kenya pia. Aina ya Nyala, iliyopendwa na wakulima, ilishindwa nayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walichavusha, wakachagua na kujaribu mashambani hadi 2004, Namsoy 4M na Maksoy 1N zilipoidhinishwa. Asili ya Maksoy 1N ni kizazi cha soya kilichotoka Ibadan, Nigeria. Wala haikutosha mmea ukinze kutu. Ulitakiwa pia ukomae mapema, usilale chini, na maganda yake yasipasuke kabla ya kuvunwa. Majani safi yenye maganda matupu yamfae nani?

Tena kuvu hubadilika. Kinga inayotegemea jeni moja huweza kuvunjwa na aina mpya ya kuvu iyo hiyo, ndiyo sababu kazi haikukoma 2004. Maksoy 3N, kwa mfano, ilifuata mwaka 2010. Mkulima aliyeaminishwa kwamba mbegu yake ni sugu milele ataona madoa ya kutu majanini, adhani ameuziwa mbegu bandia.

Walimu wa Kilimo na wa Kiswahili wangeketi pamoja juu ya jambo hili. Somo la Kilimo katika shule zetu za upili hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hupata alama zote katika swali la ukinzani, kisha akirejea nyumbani mamake akamuuliza kuhusu mbegu aliyonunua, humjibu: "Ni sugu tu, mama."